Jiwe Tumboni si Shibe

Jiwe tumboni si shibe. Mmeisikia leo kwa yule mama muuza viatu, alipokuwa akimkemea mchuuzi aliyemletea soli nene zilizojazwa karatasi, nanyi mkacheka. Sasa mnauliza imetoka wapi, maana katika vitabu mlivyosomea shuleni haimo. Haimo kwa sababu ni changa. Wengi wa waliokuwepo siku ilipotamkwa mara ya kwanza bado wanatembea kwa miguu yao. Basi kaeni vizuri. Methali hii ilianza hivi.

Katika milima ya Umatengo, kijiji cha Lihangala, palikuwa na fundi aitwaye Thadei Ndunguru. Ufundi wake aliuokota huku na huku. Redio alijifunzia kwa katekista, simu alijifunzia Songea kwa miezi mitatu, na kompyuta alijifunza kwa kufungua zilizokufa na kuzitazama mpaka zimwambie ugonjwa wao. Alikuwa mtu mwaminifu, asiyekunywa, mwenye mikono mitulivu. Kosa lake halikutokana na uvivu wala wizi, na hilo mlikumbuke, kwa sababu watu hupenda kuamini kwamba msiba humfuata mwovu tu.

Watu wa milima ile ni wakulima wa kahawa, na mkulima wa kahawa anaamini uzito. Buni zikichumwa humwagwa kwenye pipa la maji. Zinazoelea ni tupu, huchotwa na kutupwa. Zinazozama ndizo zinazomenywa na kuuzwa. Hata zikishakauka, mwanamke wa Lihangala hazitazami rangi kwanza. Huzirusha kiganjani mara mbili tatu, akasikiliza zinavyotua, akajua. Mama yake Thadei, Bibi Kresensia, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Wanunuzi walimwita waangalie kiganja chake kabla ya kuangalia mizani. Thadei alikulia miguuni pa pipa lile, na neno alilosikia kila msimu ni moja: kizito ndicho chema.

Thadei alikuwa na dada yake mdogo, Anjela. Wakati habari hii inaanza, Anjela alikuwa na mimba ya miezi mitano, naye mumewe alikuwa mbali, kibarua kwenye mashamba ya miwa. Mimba hiyo ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilimpotezea mtoto, na nusura impoteze yeye mwenyewe, kwa sababu damu yake ni ile ya watu wachache, kundi O hasi. Siku ile, kwa haraka, aliongezwa damu ya aina nyingine, akatetemeka kitandani kama kuku aliyenyeshewa, akageuka rangi ya majivu. Alipona kwa mkono wa Mungu. Daktari akaandika kwa wino mwekundu kwenye kadi yake ya kliniki kwamba mwili wake umeshaijua damu ile na kuichukia, asiongezwe tena ila ya kundi lake tupu.

Kituo cha afya cha Lihangala kiliendeshwa na masista. Benki ya damu hakikuwa nayo. Kilichokuwepo ni orodha ya watu wa vijiji vya jirani waliokubali kupimwa na kutoa damu siku wakiitwa. Orodha hiyo ilikaa ndani ya kompyuta moja, imefungwa kwa neno la siri, kwa sababu anayepimwa damu hupimwa na mengine, na mambo ya damu ya mtu hayabandikwi ukutani. Daftari la zamani walishalichoma, mara tu majina yote yalipoingizwa kwenye mashine.

Siku moja kompyuta ile iligoma kuwaka. Sista Redempta, mkuu wa kituo, akamwita Thadei. Thadei akaifungua, akanusa, akapima waya.

"Sista, mashine ni nzima," akasema. "Kilichokufa ni pawasaplai. Hili sanduku la chuma hapa nyuma. Linapokea umeme mkali wa ukutani na kuupunguza, ili vya ndani vipate kidogo kidogo. Ni kama mama anayempozea mtoto uji."

"Orodha je?"

"Orodha ipo, haijaguswa."

Sista akavuta pumzi. "Nikuambie jambo, na usinitajie popote. Katika orodha ile wapo wawili wenye damu ya dada yako. Majina sikupi. Lakini wapo, wamepimwa, na nikiwaita wanakuja. Kwa hiyo, Thadei, nunua pawasaplai nzuri. Fedha hii hapa, na kama haitoshi nipigie."

Thadei akashuka Songea.

Duka la kwanza lilikuwa la mama mmoja wa makamo aliyeuza vifaa vya kompyuta tangu vilipoanza kufika mji ule. Akamwekea mezani pawasaplai moja nyeusi. Bei yake ilikuwa karibu fedha yote aliyopewa. Thadei akaishika, akaipandisha na kuishusha kiganjani.

Yule mama akamtazama kwa jicho la pembeni. "Fundi, umekuja kununua pawasaplai au nyama ya mbuzi?"

"Naisikiliza, mama."

"Na imekwambiaje?"

"Mbona nyepesi kidogo, na bei hiyo?"

"Bei ni ya vilivyomo ndani. Umeme ukirudi kwa hasira, hii inakufa peke yake, inaiacha kompyuta yako salama. Nenda, zunguka, hizo za bei ya kutupa zimejaa. Ukirudi utanikuta."

Akazunguka. Mtaa wa nyuma akakuta kijana mchangamfu aliyepanga bidhaa zake mpaka barazani, chaja na spika na pasi.

"Karibu mkuu! Pawasaplai? Shika hii. Wati mia tano, imeandikwa hapo. Shika, shika mwenyewe, usinisikilize mimi."

Thadei akaishika, na mkono ukashuka. Ilikuwa nzito! Akaihamishia mkono wa kushoto, bado nzito. Ilizidi ile ya yule mama wa duka la kwanza kwa nusu yake, na bei ilikuwa theluthi tu ya ile. Akaona moyo wake unacheka.

"Ndani kuna nini?" akauliza.

"Chuma, mkuu, na shaba tupu. Ndiyo maana unaona uzito huo. Za kule mbele wanakuuzia jina."

"Naweza kuifungua nione?"

Kijana akaonyesha stika ndogo yenye kung'aa juu ya skrubu. "Garantii miezi sita. Ila ukiing'oa hii stika, mimi na wewe hatujuani. Sasa fundi kama wewe unataka kufungua kitu kipya ili iweje? Bikira hakaguliwi!"

Watu waliokuwa pale wakacheka, na Thadei akacheka pia. Akalipa. Fedha iliyobaki hakuila hata senti. Aliipeleka yote kwa Sista Redempta, naye akamsifu mbele ya wauguzi, akanunulia shuka za wodi ya wazazi. Thadei akafunga pawasaplai ile, kompyuta ikawaka, orodha ikafunguka. Jioni alimwonyesha mama yake kwa mikono jinsi ilivyokuwa nzito, na Bibi Kresensia akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Ndivyo, mwanangu. Kizito ndicho."

Miezi ikapita na mashine ikafanya kazi. Hapo ndipo mtego ulipo, jamani. Kitu kibovu kingekufa siku ile ile, kisingeua mtu. Huku nyuma Sista Redempta alihamishwa na shirika lake, akavushwa mto Ruvuma kwenda kuhudumu Msumbiji. Aliyemrithi, Sista Bernwarda, alikabidhiwa funguo za kituo na neno la siri la kompyuta. Majina hakuambiwa kwa mdomo, maana yapo kwenye mashine, ya nini kuyataja?

Ikafika Jumanne moja ya mwezi wa tatu, mvua za mwisho zinateremsha udongo barabarani. Saa tatu asubuhi umeme ukakatika. Saa tatu na nusu ukarudi kwa kishindo, taa za kituo zikang'aa mara moja kama jua kisha zikatulia. Katika chumba cha orodha ukasikika mlio mfupi, tap, kama mtu aliyevunja kijiti. Moshi mwembamba ukatoka nyuma ya kompyuta.

Thadei akaitwa. Alikuja na begi lake, akaketi, akanusa. Harufu haikuwa ya pawasaplai peke yake. Akafungua ubavu wa mashine, akaona alama nyeusi kwenye bodi. Akachomoa diski, kile kibati kinachohifadhi maandishi yote, akakigusa. Kilikuwa cha moto bado. Akajisemea kwamba ataipeleka diski parokiani, kuna kompyuta nyingine, ataisomea huko. Ndipo Sista Bernwarda akaingia, mikono yake ina damu mpaka kwenye viwiko.

"Thadei. Nifungulie orodha."

"Sista, mashine imeungua. Nipe saa moja."

"Saa moja sina. Nina mzazi, mtoto ametoka salama nyumbani, kondo limekwama, na damu inamwagika. Anataka O hasi tupu. Kadi yake ina wino mwekundu."

Thadei akasimama. Bisibisi ikaanguka.

"Ni Anjela," Sista akasema, kwa sauti ya chini. "Mama yenu amemleta sasa hivi kwa machela. Kimbia."

Akakimbia. Parokia iko ng'ambo ya bonde, na alishuka lile bonde akiteleza, diski ameiweka kifuani ndani ya shati kama mtu aliyebeba yai. Akaiunga kwenye kompyuta ya paroko. Diski yenye afya huvuma, ukiweka sikio unasikia kama nyuki mmoja. Hii ilikuwa kimya. Akaichomoa, akabadilisha waya, akaiunga tena, ikawa kimya. Paroko akamuuliza kama amwombee. Thadei aliiweka diski sikioni, akaitikisa taratibu, akasikiliza tena.

Aliporudi alikuta Sista amempigia simu Sista Redempta mara tisa. Kila mara alijibiwa na mashine inayosema Kireno. Gari la wagonjwa lilikuwa limeshaitwa toka mjini, limekwama kwenye udongo chini ya kilima cha pili, watu wanalisukuma. Uwanja wa kituo ulikuwa umejaa. Habari ilipopita kwamba binti wa Kresensia anataka damu, walikuja kutoka mashambani na matope yao miguuni, wamekunja mikono ya mashati kabla hawajaambiwa. Wauguzi wakawachoma vidole mmoja mmoja, wakatazama matone kwenye vioo, wakatikisa vichwa, wakamwita anayefuata.

"Nichome mimi," Thadei akasema. "Mimi ni kaka yake, tumbo moja."

Wakamchoma. Haikuwa hiyo.

"Chomeni tena."

"Kaka Thadei," muuguzi akamwambia, "damu haibadiliki kwa kuombwa."

Akaingia wodini. Anjela alilala chini ya shuka mpya, zile zilizonunuliwa kwa fedha iliyobaki, midomo yake imekuwa myeupe. Bibi Kresensia alikuwa ameshika mguu mmoja wa bintiye kwa mikono yote miwili. Mtoto mchanga wa kike alilia pembeni kwa sauti ya nguvu sana.

"Kaka," Anjela akasema, "Sista amekupa majina ya wale wawili?"

"Tunawatafuta."

"Si uliniambia wapo?"

"Wapo, dada. Wapo."

"Waambie waharakishe, nasikia baridi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho yenye kueleweka. Saa saba kasoro alikata roho. Gari la wagonjwa lilifika saa nane.

Kesho yake likatafutwa jeneza. Seremala wa karibu alikuwa Bosko Kinunda, ambaye banda lake liko njia panda, mwendo wa nusu saa kutoka kituoni. Jumanne hiyo yote alikuwa msituni akipasua mbao, na habari za uwanjani hazikumfikia. Thadei ndiye aliyekwenda kumpa vipimo. Bosko akapima ubao, akaweka penseli sikioni, akauliza kama waulizavyo mafundi wa kazi ile, kwa upole na bila kuinua macho:

"Alikuwa anaumwa nini, marehemu?"

"Uzazi. Damu ilimwishia. Yake ilikuwa ngumu kupatikana, O hasi."

Bosko akaacha ubao. Akamtazama Thadei muda mrefu.

"Unasema nini, fundi?"

"O hasi."

"Mbona hiyo ni yangu? Mimi Sista Redempta aliniandika. Nimeshaitwa mara mbili, nikatoa, nikapewa soda nikarudi kazini." Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake, akaitazama kana kwamba imemkosea yeye. "Jana nilikuwa juu kabisa, huku kilimani. Kule mtandao unashika kuliko hata hapa. Simu ilikuwa mfukoni kutwa nzima. Hakuna aliyenipigia."

Thadei akashika nguzo ya banda. Hakulia. Bosko husema angelia ingekuwa nafuu.

Bosko hakuchukua malipo ya jeneza lile, na inasemekana aliipiga randa ile mbao mpaka giza likaingia, akiirudia pale palipokwisha lainika.

Wakazika. Siku ya tatu, walipoanua matanga na wageni wengi wakaondoka, Thadei alikwenda kituoni akaichomoa pawasaplai, akarudi nayo nyumbani kwa mama yake. Sista Bernwarda akamfuata, na Bosko, na majirani wachache waliokuwa bado wanakunja mikeka. Akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa. Akaing'oa ile stika yenye kung'aa kwa ukucha, akafungua skrubu nne, akainua kifuniko.

Ndani palikuwa patupu zaidi ya nusu. Vile vikorokoro vya kuuchuja umeme na kuuzuia unapopanda, ambavyo kila fundi anajua nafasi zake, havikuwepo. Matundu yao yalikuwa wazi kwenye kibao kama meno yaliyong'oka. Vilivyokuwepo vilikuwa vidogo, vya kuwashia redio labda. Na pembeni, limegandishwa kwa gundi na kuzungushiwa utepe mweusi, lilikuwepo donge. Thadei akalibandua, akaukata utepe. Lilikuwa donge la saruji lenye changarawe ndani yake, limefinyangwa kwa mkono; alama za vidole vya aliyelifinyanga zilionekana.

Sista Bernwarda alishika msalaba wake.

"Niliipima, mama," Thadei akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Niliipima kwa mkono. Hii ilikuwa nzito kuliko ile nyingine."

Bibi Kresensia akanyoosha mkono, akapewa lile donge. Akalirusha kiganjani mara mbili, mara tatu, kama afanyavyo siku zote, akasikiliza linavyotua.

"Ni zito," akasema. "Hata mimi ningeichukua."

"Mama, nilipaswa kuifungua. Stika iwepo isiwepo, nilipaswa kuifungua."

"Ndiyo. Ulipaswa." Hakumpunguzia lawama. Akalitazama donge. "Wamelijaza tumbo, wakaliacha na njaa. Mwaka wa njaa kuu, nilipokuwa binti, tulikuwa tukilala na jiwe limefungwa hapa, kwa kitambaa, ili tumbo lidhani limekula. Asubuhi tuliamka tuna uzito. Nguvu ya kuinua jembe hatukuwa nayo." Akaliweka donge chini, mbali na yeye. "Jiwe tumboni si shibe, mwanangu."

Mtoto akaamka ndani, akalia. Bibi Kresensia akainuka kwa taabu, akaenda kumkorogea maziwa.

Thadei alishuka Songea mara moja zaidi. Yule kijana wa barazani alikuwepo bado, mchangamfu vilevile. Alipoonyeshwa donge alishangaa kweli, maana naye alinunua kwa mzigo, akapima kwa mkono, akaridhika. Alimrudishia Thadei fedha yake bila ubishi. Thadei akaiacha pale pale juu ya meza akaondoka, na mpaka leo kijana huyo anawaeleza watu kwamba mafundi wa milimani wana wazimu.

Neno la Bibi Kresensia ndilo lililotembea. Bosko alilichukua kwenye banda lake, akawa analisema mtu akimletea mbao nene iliyoliwa na mchwa. Wanunuzi wa kahawa wakalibeba mpaka Mbinga. Madereva wa malori wakalishusha Njombe, na likafika hapa kwetu likiwa limeshapoteza jina la Anjela njiani, ndiyo maana linasemwa kwa soli za viatu na watu wakacheka. Huko Lihangala hawacheki. Mtu akiletewa kitu kizito cha bei nyepesi, akasifiwa kwa maneno, akaambiwa asikifungue, hana haja ya kubishana wala kutukana. Huomba bisibisi, na wakati anazungusha skrubu ya kwanza humwambia muuzaji, taratibu, kama anayemwombea marehemu: jiwe tumboni si shibe.